Shuka alilonunua Mjomba Hamisi siku ya mazishi ya babu

Wakuu, salaam kutoka Kilwa Kivinje. Haya yamenipata mwenyewe, sijaongeza chumvi hata punje.

Mwaka jana mama alinituma doti ya kanga ya harusi ya jirani. Sare ilikuwa kijani. Mimi ni mtu wa kuandika, kanga naichagua kwa maneno yake. Nikaleta.

Mama aliitazama, akanitazama, akaivaa.

Kwa macho yangu wanawake wote pale harusini walivaa sare moja, mpaka niliposikia mmoja akimwambia mama, "Shoga, ya kahawia ni harusi ya mtaa wa pili." Mama akacheka nao.

Nyumbani akasema taratibu, "Kaka yangu naye alikuwa hivi hivi."

Babu alipofariki, Mjomba Hamisi alitumwa shuka la kijani la kufunikia jeneza. Akarudi na jekundu, lile lililokolea. Kaka yao mkubwa akamuuliza mbele za watu, "Umelewa siku ya kumzika baba?"

Mjomba hajawahi kuonja pombe. Kosa lenyewe hakuliona. Baada ya arobaini akahamia Kinjumbi, hakurudi tena. Sisi tumekua tukiambiwa tuna mjomba mlevi.

Nikaenda Lindi mjini kupima macho. Ukurasa wenye vidoti ambamo wengine wanasoma namba, mimi niliona vidoti tu.

Mtaalamu akanieleza. Zamani mno, kwa mababu wa nyani na binadamu, jeni moja ya kuona rangi ilijinakili, zikawa mbili, jirani. Nakala ikabadilika kidogo kidogo mpaka nyekundu na kijani zikaachana. Mbuzi, ng'ombe na mbwa hawakupata nakala hiyo. Mimi yangu imepotea. Kasoro hii inapitia kwa mama, ambaye ana nakala nyingine ya akiba na anaona vizuri.

"Wajomba zako wanaonaje?" akaniuliza.

Kesho yake nilikuwa Kinjumbi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nani amefariki?"

Nikamwambia hakuna, nimekuja tu. Ilimchukua muda kuamini.

Nikamweleza yote. Akasema, "Kwa hiyo tumbili anayeniibia mabibo ananizidi?"

"Kwa nyekundu na kijani, anatuzidi. Sisi tuko kundi la mbuzi."

Akacheka mpaka akafuta macho.

Halafu akaingia ndani, akatoka na shuka limekunjwa vizuri. Lile lile.

"Miaka yote nalitoa juani, natafuta kosa langu silioni. Wewe uliyesoma, hii rangi gani?"

Nikalishika, nikaligeuza.

"Sijui, mjomba."

Tukakaa nalo magotini, watu wawili, hakuna wa kumuuliza mwenzake.

Nilichojifunza wakuu: kabla hujamwita mtu mlevi, muulize anaona nini. Kama kwenu yupo wa namna hii, semeni hapa, tusibaki wawili.

Ijumaa nampeleka mama Kinjumbi. Mjomba amesema shuka halirudi sandukuni mpaka dada yake afike alitazame.