Binti yangu aliambiwa ana nyota moja na watu maarufu waliokufa vijana, nikaanza kuwatafuta walio hai

Wakuu, heshima kwenu. Walionizidi umri shikamooni, wengine habari za kazi.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma na kupita. Nina miaka humu na sijawahi kuanzisha uzi. Leo naandika kwa sababu kuna jambo nahitaji kutoka kwenu, nitalisema mwishoni. Nitaeleza lilivyokuwa. Nisipojua kitu nitasema sijui.

Nalima karoti na kabeji upande wa Mlola, Lushoto. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo kwenye mambo ya sayari mkiona nimekosea nirekebisheni, sitakasirika.

Nilijaliwa mapacha, Danieli na Debora. Danieli alitangulia, Debora akamfuata kengele ya ibada ya kwanza ikiwa bado inagongwa. Mama yao hajaisahau kengele ile mpaka leo. Ndiyo maana saa yao ya kuzaliwa tunaijua, na mngejua ni watu wachache kiasi gani huku wanaoijua yao.

Danieli alikuwa dereva wa bodaboda. Msimu wa baridi uliopita, ukungu ukiwa umeshika barabara, alikutana na lori kwenye kona za kushukia Soni. Hakufika hospitali.

Hapo sitaongeza.

Tulizika, matanga yakaanuliwa, watu wakarudi mashambani kwao. Mimi si mtu wa maneno mengi hata siku za kawaida, kwa hiyo hakuna aliyeona tofauti kubwa kwangu. Nilikuwa nashinda kwenye karoti.

Debora ni fundi cherehani, ana kibanda chake sokoni. Baada ya msiba hakukifungua. Mama yake akasema tumwache, ni huzuni. Nami niliona ni huzuni.

Kisha akaanza kugawa vitu.

Alianza na magauni, akampa binamu yake. Sikuliona ni neno. Akarudisha vitambaa vya wateja bila kuvishona. Akagawa viatu vya kanisani. Alikuwa anagawa kwa mpangilio, kama mtu anayehama nyumba na hataki kumwachia mwenye nyumba uchafu.

Siku nilipoona cherehani haipo ndipo nilipomuuliza.

"Debora, cherehani iko wapi?"

"Nimempa Rahma." Rahma ni binti aliyekuwa akijifunza ushonaji kwake.

"Umemwazima?"

"Nimempa, baba."

"Na wewe utashonea nini?"

Aliniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mtoto.

"Baba, mimi sitakuwepo muda mrefu."

Wakuu, nimewahi kuangukiwa na gogo la mkaratusi mguuni. Halikuniuma kama sentensi ile.

Akanionyesha simu. Rafiki yake alimtumia linki baada ya msiba, nadhani kwa nia njema. Ni ukurasa wa mambo ya nyota wenye chati za kuzaliwa za watu wakubwa wa historia. Kuna mfalme wa zamani, kuna mwanamuziki wa nje, kuna mpigania uhuru, kuna jenerali. Majina sitayaweka, sitaki uzi ugeuke ubishi juu yao. Kichwa cha habari kilisema wote wana Zohali katika nyumba ya nane, na wote walikufa vijana.

Kwa wasioelewa kama nilivyokuwa mimi: Zohali ni ile sayari yenye pete. Wanajimu wanaigawa mbingu vipande kumi na viwili wanavyoviita nyumba, na nyumba ya nane wanasema ni ya kifo. Unaingiza kwenye app tarehe, saa na mahali ulipozaliwa, inakuchorea duara lenye vipande hivyo na sayari ndani yake.

Debora aliingiza ya Danieli. Zohali, nyumba ya nane.

Akaingiza yake. Ni mapacha, mnategemea nini.

Nilimwambia huo ni uongo wa mitandaoni. Akanijibu taratibu, "Hata mimi nilisema hivyo, baba, mpaka nikaweka ya Danieli."



Najua kuna watakaosema Mlutheri anafuata nini kwenye unajimu. Mchungaji wangu nilimweleza mwenyewe. Akasema, "Nenda ukamtoe mtoto humo alimo. Mahubiri yatafuata." Kwa hiyo upande huo mniache.

Nilikaa na jambo lile siku kadhaa. Jibu lilinijia nikiwa namwagilia.

Kila mtu duniani Zohali yake iko mahali. Nyumba ni kumi na mbili tu. Ukikusanya watu wa ibada moja pale kanisani, lazima wamo wenye hiyo nyumba ya nane, tena si mmoja wala wawili. Sasa hao wako wapi? Mbona ukurasa ule hauna hata mmoja anayekula ugali?

Ukurasa uliokota waliokufa vijana peke yao. Ni sawa na mtu aje gulioni, achague karoti zilizooza tu, akazipige picha na kuandika kwamba karoti za Mlola zimeoza.

Nikarudi nyumbani na matope yangu miguuni.

"Nifundishe hiyo app," nikamwambia Debora.

"Ya nini?"

"Nataka kuwatafuta walio hai wenye nyota yenu."

"Na ukikuta wamekufa?"

"Nitakuambia wamekufa."

Akanifundisha. Nilitumia simu ya Danieli, maana yangu ni ya vitufe. App ni ya Kiingereza, mimi Kiingereza sijui, lakini alinionyesha alama ya Zohali, ni kama herufi h ndogo yenye msalaba kichwani. Kazi yangu ilikuwa kuitafuta ile h iko kipande cha ngapi.

Nikaanza kuzunguka.

Mwanzoni ilikuwa vichekesho. Unamsalimia mtu vizuri kwa Kishambaa, unaulizwa habari za shamba, za mama Danieli, halafu unauliza, "Samahani, wewe ulizaliwa saa ngapi?" Mmoja alidhani nimeanza kazi ya bima. Mwingine alimnong'oneza mkewe kwamba msiba umeniingia kichwani. Sikumlaumu, nilisikia.

Tarehe nazo ni balaa. Kuna mzee ana tarehe tatu za kuzaliwa: ya kitambulisho, ya kadi ya kliniki ya macho, na ya kweli ambayo haijui. Hao wote niliwaacha. Sikutaka kubahatisha.

Ila niligundua kitu. Watu wa huku hatukuzaliwa kwa saa ya ukutani, tulizaliwa kwa kengele na adhana. Mkristo atakuambia alizaliwa kengele ya kwanza au ya pili. Mwislamu atakuambia mama yake alikuwa kwenye uchungu Adhuhuri, mtoto akatoka wakati wa adhana ya Alasiri. Tena mama zetu walichanganya. Kuna Waislamu waliozaliwa kengele ikigongwa na Walutheri waliozaliwa Alfajiri kwa adhana. Ukiwa na tarehe ya hospitali au ya ubatizo ya kuaminika, na ukiwa na kengele au adhana, unapata chati.

Wa kwanza kumpata mwenye nyumba ya nane alikuwa mzee Singano. Ni mtu mzima sana, bado anapanda kilima kwenda msikitini kwa miguu yake. Nilipoiona h ndani ya kipande cha nane nilimwonyesha.

"Wanasema nini wenye hiyo?" akauliza.

"Wanasema hufa vijana."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mimi nimemzika mkunga aliyenizalisha. Nimemzika na daktari aliyeniambia niache tumbaku. Waambie waharakishe."

Wa pili ni bibi Eliwaza, jirani yetu wa juu. Nilimwambia ana nyota moja na mfalme. Akamnyooshea mdomo mumewe aliyekuwa amekaa kizingitini akimenya miwa.

"Kama tuna nyota moja, mbona mwenzangu alipata ufalme, mimi nikapata huyu?"

Mumewe akasema, bila kuinua macho, "Mfalme hakukupata wewe. Ndiyo bahati yake."

Nilimsimulia Debora niliyoyasikia. Alitabasamu kidogo kwa bibi Eliwaza. Tangu msiba lilikuwa tabasamu la kwanza nililoliona. Lakini kesho yake nilimkuta anakunja mashuka yake ayatoe. Kwa hiyo msidhani wazee wawili walimaliza kazi.

Nikaendelea. Wengi h yao ilikuwa nyumba nyingine. Wenye ya nane nikapata mwalimu mstaafu, nikapata mama mwenye watoto tisa na wajukuu hajui idadi.

Halafu nikafika kwa mama Zubeda.

Yuko kijiji cha chini. Ni mjane. Nilimuuliza ya kwake, haijui saa. Akasema, "Yangu sina, ila ya marehemu ninayo. Alizaliwa watu wanafuturu. Mama yake alikuwa anatusimulia kila Ramadhani, jinsi alivyoacha uji unapoa." Tarehe nayo ilikuwepo, alizaliwa hospitali ya misheni.

Nikaingiza. Nilisimama pale uani nikiiangalia ile simu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nyumba ya nane.

"Inasemaje?" akauliza.

Nikamwambia. Nikamwambia na habari za Debora. Hakushtuka.

"Mume wangu alikufa na sukari," akasema. "Miguu inavimba, namwambia twende tukapime, ananiambia wewe mwanamke unapenda hospitali. Sasa hiyo nyota ndiyo ilimkataza kupima? Baba Danieli, mimi nililala na huyo mtu. Ni ukaidi. Mwandikie ukaidi."

"Alikuwa na umri gani?"

"Arobaini hakuivuka."

Kutoka kwake hadi kwangu ni kupanda tu. Siku ile nilipanda polepole sana.

Debora alikuwa nyumbani na mafua, hakujua nimeenda kwa nani. Ningeweza kufuta ile chati. Ningeweza kusema mama Zubeda hajui saa, na ingekuwa kweli, maana ya kwake hajui. Nilimkuta mama Danieli shambani akichuma majani ya maboga nikamweleza. Akasema, "Usimwambie. Nakuomba. Ndiyo kwanza ameanza kula."

Nilimwelewa. Ni mama yake.

Lakini nilimwahidi mtoto kwamba nikikuta wamekufa nitasema wamekufa. Nikawaza, nikificha huyu mmoja, nitakuwa nimefanya kazi ileile ya ule ukurasa. Wao waliokota waliokufa, mimi nitaokota walio hai. Sote waongo.

Nilimkuta jikoni anachochea moto.

"Leo nimempata aliyekufa," nikasema.

Akaacha kuchochea.

"Nani?"

"Mume wa mama Zubeda. Arobaini hakuivuka."

Mama yake aliingia nyuma yangu akasimama mlangoni na majani yake. Moshi ulikuwa mwingi, sikuweza kuona vizuri uso wa Debora.

"Na huyo unamhesabu?" akauliza.

"Namhesabu."

"Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

Nikamweleza ya sukari na ukaidi, kama nilivyoambiwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea.

"Nilikuwa nadhani unawatunga, baba. Mzee Singano na bibi Eliwaza. Nilidhani unanidanganya ili nile."

Akavuta kamasi, ni mafua au ni kulia, sijui.

"Kesho twende wote. Wewe unauliza vibaya. Unawauliza watu habari za kufa kabla hata hawajakukaribisha kiti."

Tangu siku hiyo tunazunguka wawili. Anauliza yeye, mimi nashika simu. Watu wanampenda kuliko mimi. Akienda kwa mtu anauliza saa, halafu anaulizwa habari za Danieli, na anaeleza. Mambo ya kaka yake ambayo nyumbani hakuyasema hata mara moja, ameyasema kwenye nyua za watu nikiwa nimesimama pembeni nasikia. Sikujua kwamba Danieli alikuwa akimbeba bibi Eliwaza bure kila Jumapili ya mvua. Sasa najua.

Sitawadanganya kwamba amepona. Kuna siku halali, kuna siku hatoki. Cherehani bado iko kwa Rahma, anaona aibu kuidai, ila siku za soko anakwenda wanashona kwa zamu. Vitu vingine vilivyogawiwa ndiyo vimekwenda. Lakini wiki iliyopita alimkopea mama yake kitambaa cha sare ya kwaya, akasema atamshonea kabla ya mavuno. Mtu anayesema kabla ya mavuno ana mpango wa kuyaona mavuno.

Nilichojifunza ni kidogo. Kama nyota zinasema kitu au hazisemi, mimi sijui, na sitajifanya najua. Ila nimejua kwamba ukitaka kumwogopesha mtu huhitaji kusema uongo, unachagua tu nani umtaje na nani umwache. Na ukitaka kumtoa kwenye woga huo, usichague. Mtajie wote. Nyinyi mnaosambaza zile orodha za watu maarufu na nyota zao, mkumbuke upande wa pili kuna msichana amemzika pacha wake juzi.

Sasa ombi langu.

Huku Mlola tumeshamaliza nyumba nyingi. Kama wewe unaijua saa yako ya kuzaliwa kwa uhakika, tafuta Zohali yako iko nyumba ya ngapi. Ikiwa ya nane, andika hapa chini umri wako, unafanya kazi gani, na leo umekula nini. Kama ni ndugu yako aliyekuwa nayo na amefariki, andika pia, na useme ni nini kilimuua. Msifiche, tafadhali.

Uzi huu nimemsomea kabla sijautuma. Yuko hapa ameshika simu, anasubiri wa kwanza.