Makosa Kumi na Tisa ya Elvi

Katika kijiji chote cha Honkalampi hakukuwa na mtu aliyezijua kompyuta kama Veijo Komulainen, na wa kwanza kukwambia hivyo angekuwa Veijo mwenyewe. Alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha karatasi mpaka kiwanda kilipofungwa, na tangu hapo sebule yake ikageuka karakana. Kwenye jukwaa la mtandaoni la waunda kompyuta wa Finland alikuwa akiogopwa. Mtu akilalamika kwamba mashine yake inazimika ovyo, Veijo alimjibu kwa maneno yaleyale: umepima RAM? Kama hujapima, usitupotezee muda.

RAM, ile kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta hushikilia kazi inayoendelea, ndiyo iliyokuwa ugonjwa wake. Vijiti vya RAM vya siku hizi huja na profaili ndani yake, yaani mipangilio ya mwendo wa kasi iliyowekwa tangu kiwandani. Ukikiacha kijiti kama kilivyo, kinakwenda polepole na kwa usalama. Ukiingia kwenye mipangilio ya mashine kabla Windows haijaamka, ukaiwasha ile profaili, kinatimka. Ni kubonyeza mara moja tu. Kwa Veijo, kompyuta iliyozimwa profaili ilikuwa sawa na sauna isiyo na moto.

Basi chama cha kijiji kikaamua kutoa kitabu cha historia ya Honkalampi, na kazi ya kukiandika akapewa Elvi Romppainen, bibi wa miaka sabini na minane, aliyepeleka barua kijijini hapo kwa miaka thelathini na moja na kuijua kila nyumba mpaka mbwa wake. Kompyuta ikahitajika. Veijo akajitolea kuiunda kwa talkoo, ile kazi ya bure ya kusaidiana ambayo watu wa huku hawailipii na, balaa lenyewe, hawailalamikii. Aliyekujengea gati kwa talkoo, hata likienda upande, unamshukuru na kumwekea kahawa.

Aliiunda mwezi Oktoba, siku moja kabla ya kwenda kuwinda kulungu. Alinunua vijiti viwili, akaona havitoshi, akaongeza viwili vya jina lilelile vilivyokuwa vikilala drooni mwake. Hapo alikosea, na alijua anakosea, maana kosa hilohilo alikwisha kuwakaripia watu mtandaoni hadi wakakoma. Profaili hupimwa kwa jozi moja iliyotoka boksi moja. Ukichanganya jozi mbili, hakuna anayekuhakikishia kitu. Akaiwasha hivyohivyo. Namba kubwa ya kasi ikatokea kwenye skrini, naye akaitazama kwa raha zake. Kuipima kungemchukua saa kadhaa, na bunduki ilikuwa haijasafishwa. Mashine ya bibi wa kuandika tu, akajisemea, itakuwa na nini.

Desemba Elvi akapiga simu ya kwanza. Mashine ilikuwa imezimika na kuwaka yenyewe, na ukurasa wa habari za kinu cha zamani ukaenda nayo. Veijo akaja, akavua viatu mlangoni, akakuta kahawa na mkate mtamu wa iliki umetoka jikoni sasa hivi.

"Umebonyeza nini?" akauliza.

"Sijui. Pengine nimebonyeza kitu."

"Usibonyeze usichokijua, Elvi. Hii siyo baiskeli ya posta."

Elvi akacheka, akamwongezea kahawa. Simu zikafuatana. Sura ya shule ikagoma kufunguka. Picha za harusi alizoziskani zikatoka nusu, na chini yake mistari ya rangi ovyo. Kila mara Veijo alikula mkate, akauliza amebonyeza nini, akaenda zake. Hakufungua ubavu wa mashine hata siku moja. Wazo lenyewe lilimpitia, mara ya tatu au ya nne, akalifukuza, kwani mashine aliyoiunda yeye ingeharibikaje? Tusimwonee, lakini tusimfiche pia: kati ya jina lake na bibi wa watu, alichagua jina lake.

Jumatano moja ya Machi alifika akakuta Elvi ametoka kufuata kuni bandani, mlango uko wazi, kikombe kimewekwa tayari. Akaketi mbele ya kompyuta, mikono yote miwili kwenye kikombe. Hakugusa kitu. Skrini ikageuka buluu, ikazima, ikawaka upya. Hakuna aliyebonyeza chochote.

Kando ya kibodi kulikuwa na daftari dogo, na Veijo akalifunua. Mwandiko wa Elvi ulikuwa umenyooka kama wa anwani.

"Tarehe 9 Januari. Nilihifadhi mara moja tu, labda haraka mno. Kosa langu."

"Tarehe 2 Februari. Mikono ilikuwa ya baridi. Kosa langu."

"Tarehe 20 Februari. Sijui nilifanya nini. Nimepiga simu tena, Veijo amenichoka. Kosa langu."

Yalikuwa kumi na tisa. Masikio yakamwaka moto. Akatoa mfukoni flashi yenye programu ya kupimia RAM, ile aliyowahubiria watu wote isipokuwa nafsi yake, akaiendesha. Dakika ya nne haijaisha, mistari myekundu ya makosa ikajaa skrini. Akaizima profaili, akapima tena mchana kutwa, huku Elvi akipita kwa kunyata asimsumbue. Safari hii halikutokea kosa hata moja.

"Ilikuwa na nini?" Elvi akauliza.

Maneno yalikuwa mdomoni tayari. Veijo akayameza. "Nimeisafisha kidogo."

"Basi ni vumbi langu," akasema Elvi. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, akamweleza kwamba keshakata shauri. Jumamosi kwenye mkutano angekirudisha kitabu, apewe mwingine. Umri umemfikia, vidole havimtii tena.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Elvi akasimama, akaomba radhi kwa kuchelewesha kazi ya kijiji kwa uzembe wake, na akamshukuru Veijo hadharani kwa uvumilivu wake kwa mtu mzito wa kuelewa. Sinikka, mwenyekiti wa chama, akaanzisha makofi. Watu wakageuka kumtazama Veijo, wengine wakimpiga begani. Angesimama palepale, mambo yangekwisha. Hakusimama. Aliinamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu, wakazidi kupiga makofi, huku yeye akitamani sakafu ipasuke immeze.

Jumapili hakuweza kula. Akaenda kwa Elvi kwa miguu, na safari hii hakuketi.

"Hukubonyeza kitu," akasema. "Ni RAM. Nilichanganya vijiti, nikaiwasha profaili ya kasi, sikupima. Nimejua tangu Jumatano. Na jana nilinyamaza."

Elvi hakupandisha sauti.

"Nilikupigia simu mara kumi na tisa. Mara zote uliniuliza mimi. Mashine hukuiuliza."

"Sikuiuliza. Niliona haya."

"Mimi pia niliona haya, Veijo. Majira yote ya baridi. Nilikuwa siendi hata dukani, nisije nikaulizwa kitabu kimefika wapi." Akamsogezea simu. "Mpigie Sinikka, hapahapa nikusikie. Mwambie kitabu ni changu, na mwambie kwa nini."

Akapiga. Alieleza kila kitu, na upande wa pili Sinikka hakumrahisishia hata kidogo. Alipokata simu, Elvi alikuwa ameleta lile daftari. Akalifungua, akaligeuza limwelekee Veijo, akaweka kalamu juu yake.

"Miaka thelathini na moja nimebeba mizigo ya watu," akasema. "Ikishajulikana ya nani, mwenyewe anaipokea kwa sahihi."

Veijo akavuta kiti. Akaweka sahihi chini ya kosa la kwanza, la Desemba, kisha chini ya lililofuata, na Elvi, miwani puani, akisimama begani kwake kuhakikisha haruki hata moja. Kahawa ilikuwa imechemka tayari. Hakuimimina mpaka sahihi ya kumi na tisa.