Alama za Mama Yustina

Siku yangu ya kwanza studio nilifika na viatu vya mpira vilivyogandwa na magamba ya samaki. Nilikuwa nimetoka Kipili, kando ya ziwa, kupakia dagaa kwenye malori. Kabla ya hapo nilipikia kambi ya wafugaji wa Kisukuma, nikashona sare, nikauza betri mnadani. Shule niliiacha darasa la tano. Sikuwa mvivu, ila nikishajua kitu kinavyofanya kazi, miguu inaanza kuwasha.

Studio ilikuwa chumba nyuma ya duka la kaseti pale Majengo, Sumbawanga. Ulikuwa wakati wa soko huria, na Mkurugenzi wetu, ambaye jamaa zake walikuwa na maduka na mabasi, alikuwa ameleta mashine ya kurekodi iliyokwishatumika. Aliniajiri nifagie na kukunja nyaya.

"Shikamoo, Fundi," nilimwamkia Fundi Mkuu, aliyeendesha mashine.

"Marahaba. Binti, unanuka ziwa! Haya, kaa dirishani, uguse ninachokuonyesha tu."

Alinionyesha kitufe. Mashine ile ilikuwa na traki nane, yaani kila kipaza sauti kilikuwa na njia yake: mwimbaji huku, ngoma kule. Muziki ukiwa unaendelea, ukibonyeza kitufe kile mashine inaweka alama mahali hapo, na baadaye unaweza kurudi palepale bila kutafuta. Haikuwa na picha ya sauti kama kompyuta za sasa. Bila alama, ulikuwa unapapasa gizani.

"Ukingoja usikie pigo ndipo ubonyeze, umechelewa," alinifundisha. "Tazama bega la mpiga ngoma. Likishuka, na kidole chako kishuke."

Nilikaa. Kwa mara ya kwanza miguu haikuwasha.

Kazi kubwa ilikuja mwezi wa sita, upepo wa Ufipa ukiwa unakata masikio. Kwaya moja ya Malangali ilituita turekodi sherehe yao uwanjani, nasi tukabeba mashine hadi huko. Mama Yustina, aliyeongoza nyimbo zao tangu ujana, alikuwa anahamia Mpanda kwa mwanawe, na basi lake lilikuwa la kesho asubuhi. Wimbo wao mkuu aliutunga yeye, na haukuwa umerekodiwa hata mara moja. Mwalimu wa kwaya alitushika mikono. "Huyu akiondoka, wimbo umeondoka. Msituangushe."

Ubeti wake ulipoanza tu, watu walichanganyikiwa. Vigelegele, mavumbi, akina mama wakaja mbele kumtunza. Mmoja alimvisha kitenge begani, mwingine, kwa furaha, akakivisha kipaza sauti chake! Mwalimu akainua kidole, maana yake warudie ubeti. Wakarudia, kitenge kikiwa palepale. Wakarudia tena, na safari hii Mama Yustina mwenyewe alikivuta, akajifunga kiunoni, akaimba mpaka nywele zikanisimama. Mimi kila ubeti ulipoanza nilitazama bega la mpiga ngoma, nikabonyeza.

Fundi Mkuu aliona namba za alama zikipanda. "Unadonoa kama kuku! Nafasi ya alama ina mwisho. Wimbo mmoja, alama moja. Hizo nyingine zifute."

"Sawa, Fundi," nikasema. Lakini nilitaka kwanza kujua zingefaa nini, kwa hiyo sikuzifuta.

Jioni ile studio ilijaa wanakwaya. Tulisikiliza. Ngoma safi, kwaya safi, na Mama Yustina kama anaimba ndani ya gunia. Mwalimu akainamisha kichwa. Mkurugenzi akaingia na kikombe cha kahawa, akatoka bila kuinywa.

"Mara ya tatu ni nzuri," nilisema.

"Najua ni nzuri," alijibu Fundi Mkuu. "Shida ni kuunga." Alijaribu kwa mkono, akatoa ubeti uliofunikwa na kuleta ule wa mwisho. Ngoma ikachechemea. Akajaribu tena, ikachechemea zaidi. Mwimbaji mmoja wa alto akacheka, akakanyagwa mguu.

"Fundi, zile alama zipo."

Aligeuka polepole. "Sikukwambia ufute?"

"Uliniambia pia nitazame bega."

Fundi Mkuu akarudi kwenye mashine. Akachagua alama ya ubeti wa kwanza na ya ubeti wa tatu, akaamuru mashine itoe kila kilichokuwa katikati kwenye traki zote. Akabonyeza kucheza. Kwaya ikaingia, ngoma ikalia, na sauti ya Mama Yustina ikatoka wazi, bila kitenge, bila kuchechemea popote.

Mama Yustina alisikiliza amefumba macho. "Mmeniunga wapi?" aliuliza. Tukarudia. Akainua kidole, akakishusha. Tukarudia tena. "Nimeshindwa mimi niliyeimba!" Akanifunga kile kitenge kiunoni, na vigelegele vikatikisa kioo cha duka.

Fundi Mkuu alifuta jasho, akanisogezea kiti cha mashine. "Kaa hapa. Donoa unavyotaka."

Nilikikalia kiti kile mpaka nilipostaafu, mimi niliyekuwa sikai mahali. Vijana wa sasa wanaweka alama za rangi kwenye skrini na wanaweza kuzisogeza hata kesho, nami nafurahi nikiwatazama. Nawaambia tu waondoe macho kwenye skrini, wamwangalie anayepiga. Wimbo ule bado unapigwa kwenye harusi Sumbawanga. Ubeti wa Mama Yustina ukikaribia, bega langu linashuka lenyewe, na ukumbi mzima unacheza juu ya pale tulipounga bila mtu kujikwaa.