Siku Tuliyokuwa Tunamsifu Mama Jeannette

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, watu zaidi ya mia moja tulisimama, tukafumba macho, tukamwombea mgonjwa apone.

Mgonjwa alikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Mbele yetu kulikuwa na brankari mpya, machela ya chuma na turubai, haijawahi kulaliwa na mtu. Na neno lilikuwa limeletwa tuipeleke.

Hatukuipeleka. Tuliomba.

Na aliyeongoza sala ile njo mimi. Musinitukane bado. Ngojeni kwanza niwaeleze.

Naitwa Matata. Niko Kindu, komini ya Mikelenge. Mimi ni sekretere wa Kundi la Mabega. Kazi yetu ni kubeba wagonjwa wasioweza kufika hospitali. Angalau hivyo njo ilivyoandikwa kwenye karatasi yetu yenye muhuri.

Kundi hili alilianzisha Mama Jeannette, mwaka wa 2002.

Wenye umri wangu munaukumbuka mwaka ule. Mjini waasi, porini Mai-Mai, sisi wananchi katikati na njaa yetu. Kwenda shambani ulikuwa unatafuta kifo. Treni haiji, boti haipandi, gari hakuna. Mtu akiugua, watu wake walikuwa wanamtazama tu.

Mama Jeannette alikuwa muuza chumvi. Alikuwa anaiuza kwa kijiko, maana kilo hakuna aliyeiweza. Siku moja akachukua miti miwili ya mwanzi na magunia mawili ya mchele, akashona kipoyi, machela yetu ya kienyeji. Halafu akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

"Wewe uko na mabega?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi toka."

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa nimejificha chini ya kitanda. Askari walikuwa wanakamata vijana kwenda kubebeshwa risasi. Nikaona miguu ya mtu inaingia chumbani. Kisha kichwa kikainama.

"Matata, huko chini unalinda nini?"

Nikatoka. Ungefanya nini?

Bariere, vizuizi vya askari, zilikuwa kila kona, na kila bariere ilikuwa inataka kitu. Mama hakuwa na kitu. Kwa hiyo alikuwa anapaza sauti tangu mbali: "Kolera! Kolera inapita!" Askari wenye bunduki begani, kwa kuogopa kipindupindu, wanaruka mtaroni, sisi tunapita katikati ya barabara kama wakubwa.

Kuna mmoja alikuwa mjanja. Akachungulia kipoyi, akaona mguu wa mgonjwa.

"Kolera gani inatoka damu mguuni?"

Mama hata hakupunguza mwendo. "Hii njo mpya, mwanangu. Sogea kidogo usiipate."

Akasogea. Tena alisogea vizuri sana.

Yeye alikuwa anashika mti wa mbele, upande wa kulia, kila siku. Ukianza kulia kwamba mgonjwa mzito, alikuwa na jibu moja tu: "Lalamika ukitembea."

Tukimaliza, anatoa kipande cha muhogo wa kuchemsha, anakikata vinne. Sisi watatu tunakula. Chake ananipa mimi, anasema jino linamuuma.

Jino lile lilimuuma miezi yote ya njaa. Chakula kiliporudi sokoni, likapona. Ilinichukua miaka mingi kuelewa, mjinga mimi.

Mkutano hatukuwahi kufanya hata mmoja. Mkutano wetu ulikuwa: wewe mbele, wewe nyuma, twende.

Basi amani ikaja. Na amani, ndugu zangu, ilikuja na semina.

Tukapata katiba. Tukapata muhuri. Tukapata jile, vizibao vya rangi ya machungwa vyenye jina mgongoni. Tukapata prezida, Papa Mwamba, mtu wa suti. Papa Mwamba wakati wa njaa ile alikuwa mbali, Kalima, anachimba kasiterite, madini ya bati. Alirudi mambo yametulia, lakini ukimsikia anavyohadithia bariere, utadhani yeye njo alikuwa kipoyi chenyewe.

Chini yake kulikuwa na makamu watatu. Na mtu wa protokole.

Kipoyi kililiwa na mchwa ndani ya stoo. Hakuna aliyeuliza.

Mama Jeannette tukampa cheo cha mshauri wa heshima, maana yake hatukumuuliza kitu. Yeye wala hakujali. Akiitwa na jirani anakwenda, anabeba kwa kiti, kwa shuka, kwa chochote. Sisi tulikuwa na mikutano.

Mwaka jana wafadhili wakatuletea ile brankari. Papa Mwamba akaruka: "Tufanye sherehe! Tutoe brankari rasmi, na siku hiyohiyo tumheshimu Mama Jeannette. Mheshimiwa atakata utepe."

Mheshimiwa gani, sitamtaja. Nataka kulala kwangu kwa amani.

Tukachagua Jumamosi, saa tatu asubuhi, uwanja wa shule. Tukashona kitenge cha sare. Tukaweka kiti chenye maua kwa ajili ya Mama. Brankari ikafungwa utepe mwekundu, mkasi juu ya sahani, kitambaa cheupe. Mimi njo nilikabidhiwa mkasi.

Saa tatu ikafika. Mheshimiwa hayupo. Kiti cha Mama kitupu.

"Tuanze na ushuhuda," Papa Mwamba akasema. "Watafika."

Soudi njo alianza. Soudi ni mwenzangu wa kipoyi wa kweli, siku hizi ana duka la mabati na tumbo la kufanana nalo. "Wallahi, Mama Jeannette alikuwa ananiambia kila siku: Soudi, bila wewe, Kindu ingekwisha." Kumbe mimi nilikuwepo kila siku, na alichokuwa anamwambia ni: "Soudi, inua huko."

Makofi.

Saa nne hivi, Zawadi akaja anakimbia. Zawadi ni jirani wa Mama Jeannette, anauza ndazi. Miguu tope mpaka magotini, usiku ilinyesha. Akanivuta mkono.

"Papa Sekretere, Mama Jeannette anasema mulete brankari mbio! Hali ni mbaya. Ni..."

Nikamkatiza. Nakiri. Nilikuwa na orodha ya wasemaji mkononi na mpiga picha ananiangalia.

"Nimesikia, Zawadi. Mwambie dakika kumi tu."

"Lakini, Papa..."

"Dakika kumi!"

Akanitazama, akaondoka mbio.

Mama ana miaka sabini na moja, na presha. Na ile njia ya kwake, mvua imeichimba, pikipiki hazipiti. Nikamnong'oneza prezida: "Mama ni mgonjwa. Anaomba brankari."

Papa Mwamba akashika kidevu. "Sekretere, tufikiri kama watu wa ofisi. Brankari haijatolewa rasmi. Mpaka utepe ukatwe, ni mali ya wafadhili. Ukiichukua sasa, ni wizi."

"Na Mheshimiwa?"

"Yuko njiani."

Ndugu zangu, ningependa kuwaambia kwamba nilibisha. Sikubisha. Tena nilikubali haraka, maana mwezi wa kwanza kulikuwa na uchaguzi wa komite, na cheo cha makamu nilikuwa nakitaka.

Mtu wa protokole akaongeza mstari kwenye programu: sala kwa ajili ya afya ya Mama. Nikaambiwa niongoze. Tukasimama. Niliomba vizuri kweli, mpaka akina mama wakalia. Brankari ilikuwa hapo, ningeweza kuigusa kwa mguu.

Baada ya sala, makamu wa kwanza akasema nusu saa. Makamu wa pili naye nusu saa, juu ya makamu wa kwanza. Prezida akatueleza kolera alivyoipitisha yeye. Mheshimiwa yuko njiani.

Saa sita kasoro, zamu yangu. Nilikuwa nimeandika kurasa nne. Ya kwanza ikaenda. Ya pili nikafika hapa: "Mama Jeannette hakuwahi kungoja ruhusa ya mtu kabla ya kumbeba mgonjwa."



Nikaisoma tena, kimya. Mbele yangu utepe, mkononi mkasi, na mama aliyenitoa chini ya kitanda amelala huko anangoja dakika zangu kumi.

Nikaukata.

"Sekretere!" Papa Mwamba akapiga kelele. "Na picha?"

"Piga mwenyewe!"

Soudi alikuwa ameshasimama. Akavua koti la suti, akalitupa kwenye kiti cha maua, akashika upande wa nyuma. Tukatoka mbio, wazee wawili na machela tupu, watu wanafikiri iko ndani ya programu wanapiga makofi.

Nililia njiani. Nilikuwa namwomba Mungu nimkute hai tu, mengine tutaongea.

Tulipofika kwenye korongo la chini, tukaona watu wanapanda kutoka upande wa pili. Wanawake wanne, wamebeba mlango wa jikoni. Juu ya mlango mtu amefungwa kwa vitenge, anapiga kelele.

Mbele, upande wa kulia, alikuwa Mama Jeannette. Amevaa sare yetu ya sherehe, tope mpaka kifuani.

Nilisimama kama mti.

"Mama! Si ni wewe uko mgonjwa?"

"Nani alikuambia mimi mgonjwa?"

Zawadi alikuwa kwenye kona ya nyuma ya mlango, jasho linamtiririka. "Mimi nilisema mulete brankari! Nilikuwa nataka kumwambia ni Euphrasie, uchungu tangu alfajiri, mutoto amekataa kutoka. Akanikatiza!"

Euphrasie ni binti wa jirani yao, mimba ya kwanza.

"Ulisema dakika kumi," Mama akaniambia. "Tukangoja saa nzima, Matata. Tukijua munakuja. Halafu njo tukang'oa mlango." Alikuwa anahema vibaya. "Wakati wote ule mulikuwa munafanya nini?"

Soudi, maskini, njo akajibu.

"Tulikuwa tunakusifu, Mama."

Alitutazama. Mimi nilitamani anitukane, anipige hata kofi, ingekuwa nafuu.

"Basi shikeni huko," akasema.

Tukamhamisha Euphrasie kwenye brankari, tukashika. Mama alikataa kutoa mkono wake. Tukapanda korongo, tukatoka barabarani mpaka kituo cha afya. Mtoto alizaliwa saa saba, mwanaume, wa bluu kwanza, halafu akalia. Muuguzi akatuambia bila kutupaka mafuta: nusu saa nyingine angezikwa mmoja, pengine wawili.

Mama aliketi sakafuni, akaegemea ukuta, akasinzia.

Munafikiri tulijifunza? Aka!

Mheshimiwa alifika saa tisa. Papa Mwamba alikuja kituoni mwenyewe kuchukua brankari. Ikaoshwa. Utepe ukafungwa tena, fundo linaonekana kabisa kwenye picha. Ukakatwa rasmi. Na ripoti iliyokwenda kwa wafadhili iliandikwa: "Kundi la Mabega laokoa mama na mtoto siku ya kwanza ya kazi." Sahihi ya sekretere. Ndiyo, ni yangu hiyo.

Mama Jeannette hakuhudhuria. Alisema ana nguo za kufua.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, alikula mchana, akajilaza kidogo, hakuamka. Mji ulilia kweli, Waislamu na Wakristo.

Kwenye matanga, komite ilikuja na programu: ushuhuda tisa. Papa Mwamba alikuwa na kurasa saba. Jeneza lilitakiwa kwenda kwa gari, ili wakubwa wasikose nguvu za kusema.

Zawadi akasimama. Hakuomba nafasi.

"Mama aliacha neno. Mimi na Euphrasie tulikuwepo. Alisema hataki gari. Na alisema, anayetaka kusema juu yake, ambebe kwanza. Kutoka nyumbani mpaka kaburini. Ambaye hakubeba, anyamaze."



Kumbe Kindu ina wagonjwa wengi hivyo na sisi hatukujua! Makamu wa kwanza, goti. Makamu wa pili, presha imempanda sasa hivi. Mtu wa protokole akakumbuka simu. Papa Mwamba alikunja kurasa zake polepole, akasema mgongo wake una operesheni ya zamani.

Tulibaki Soudi, mimi, Zawadi na Euphrasie, mtoto mgongoni. Wengine wakajiunga njiani, wauza ndazi, mapadri wawili, shehe mmoja, watu ambao hatukuwahi kuwaweka kwenye programu yoyote.

Ni mwendo mrefu, na jua lilikuwa kali. Nilibeba mbele, kulia, sikukubali kupokewa.

Tulipomteremsha, padri akageuka kwetu. "Haya, nani anaanza ushuhuda?"

Nikamtazama Soudi. Soudi akanitazama mimi. Kifua kinapanda na kushuka. Hakuna mtu aliyekuwa na pumzi ya kusema hata neno moja, na hivyo njo tulivyomzika, watu tunahema tu.

Cheo cha makamu sikukipata, na sikitaki tena. Mimi na Soudi tunabeba wagonjwa Jumanne na Ijumaa, hatuna jile.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu aliyewahi kukubeba na bado yuko hai, mpigie simu leo umuulize anahitaji nini. Na akianza kukueleza, tafadhali, usimkatize.