Nyuzi za Besi Juu ya Meko

Nyuzi za besi alizoziacha baba mdogo hazikuwahi kufungwa kwenye gitaa lake la besi. Alizinunua Kisumu, akaja nazo nyumbani Mulanda, akachana bahasha moja kati ya nne, kila uzi ukiwa na yake, ili anionyeshe ule uzi mwembamba kuliko yote, akaurudisha humo humo. Kisha akaugua. Tulipomzika, hakuna aliyechukua kitu chake, kwa sababu kwetu vitu vya marehemu havigawanywi mpaka lumbe, sherehe ya kumaliza matanga. Na lumbe huchelewa. Watu husubiri mavuno mazuri, husubiri ndugu walio mbali, miaka inapita.

Gitaa lenyewe lilikaa ukutani chumbani kwa nyanya, mama wa marehemu. Nyuzi zilizokuwa juu yake zilikuwa nyeusi kwa jasho la vidole, na mmoja ulikuwa umekatika. Baba mdogo ndiye aliyenifundisha kulipiga. Alinifundisha kanisani baada ya ibada, wengine wakiwa wamekwenda kula, kwa kuwa alijua siwezi kupiga nikiangaliwa.

Zile nyuzi mpya nyanya alizitia kwenye kavera, mfuko wa plastiki, akafunga fundo, akazitundika jikoni juu ya meko, pembeni ya mahindi ya mbegu. Kitu usichotaka kiharibiwe na wadudu na unyevu, kwetu unakipeleka kwenye moshi. Nyanya hakuona kwa nini nyuzi ziwe tofauti.

Siku mbili kabla ya lumbe, familia ilikaa uani kupanga mambo. Binamu yangu alikuja kutoka Malaba, ambako huwashughulikia madereva wa malori karatasi zao za mpakani. Alisema gitaa atalichukua yeye. Ana rafiki mwenye baa, atalipigilia msumari ukutani, lipendeze.

"Lipendeze?" nyanya akauliza. "Gitaa ni kalenda?"

"Nyanya, litafanya nini kingine? Nyuzi zake zimekwisha."

"Nyuzi ziko jikoni."

"Hiyo nyuzi imekufa! Kila kitu iko na siku zake. Hata dawa ya hospitali inaekspaya."

"Imekufa na ugonjwa gani? Hakuna mtu amepiga."

"Imekufa na moshi. Nyuzi si mahindi, nyanya! Ama ulitaka kupanda?"

Watu walicheka sana. Hata baba mkubwa, ambaye ndiye kichwa cha familia, alicheka mpaka akapangusa macho. Kisha akasema kwamba chombo kisicholia ni ubao tu, kwa hiyo kitawekwa kwenye mkeka pamoja na vitu vingine vya marehemu, kigawanywe.

Mimi nilikuwa na jibu. Baba mdogo aliniambia kwamba uzi wa besi hauuawi na miaka. Unauawa na vidole, kwa jasho na mafuta ya ngozi, na unauawa na maji. Usioguswa, ukikaa pakavu, unangoja. Lakini maneno hayo yalifika kwenye meno yangu yakasimama pale, watu wakiendelea kucheka. Basi niliinuka, nikaenda jikoni, nikapanda kwenye kinu na kulitungua lile kavera.

"We sister, unakwenda wapi na hiyo? Lumbe bado!" binamu akapiga kelele.

Nilipita mbele yao wote nikiwa nimelikumbatia.

"Mwacheni," nyanya alisema. "Mwenye nyuzi nilimzaa mimi."

Nilifunga mlango wa chumba cha nyanya, nikalishusha gitaa, nikalitoa nyuzi za zamani, nikaketi sakafuni. Bahasha zilikuwa za rangi ya chai na zilinuka kama samaki wa kukaushwa. Nilifungua ule uzi mnene kwanza. Nikaupitisha kati ya kidole na kucha, taratibu, nikitafuta mahali penye kukwaruza. Hapakuwa na kutu. Masizi yalitoka kwa kitambaa, na chini yake uzi ulikuwa unang'aa. Wa pili pia. Wa tatu ulikuwa na doa dogo karibu na mwisho, sehemu ambayo ningeikata hata hivyo. Nilipokaza ule mnene na kuupiga, kifua changu ndicho kilichosikia kabla ya masikio.

Wa nne ulikuwa ule mwembamba alionionyesha baba mdogo mwenyewe. Bahasha yake haikuwa imefungwa tena tangu siku ile, na mvuke wa vyungu ulikuwa umeingia. Ulikwaruza kama ndevu. Niliukaza polepole, polepole, na bado ulikatika.

Mlio huo binamu aliusikia dirishani.

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia zimekufa zote," nikasema. "Umekufa mmoja."

Siku ya lumbe mkeka ulitandikwa mapema. Vitu vikapangwa juu yake: baiskeli, koti, redio, jembe, viatu. Wapiga muziki waliokuja kutoka Busia walikuwa na kinanda na spika. Nikamwendea mpiga kinanda, gitaa likiwa shingoni.

"Kaka, naomba tundu moja la waya kwenye spika."

Alihesabu nyuzi kwa macho. "Na mwenzao?"

"Hakufika."

Akacheka, akanipa tundu.

Kina mama walipoanzisha wimbo, niliingia. Sikumtazama mtu, nilitazama vidole vyangu tu. Nyuzi hazikutetemeka ovyo. Zilinguruma safi, na wale waliocheka uani wakaanza kucheza bila kuniomba ruhusa.

Baba mkubwa alikuja kunisemesha sikioni. "Mama, weka gitaa kwenye mkeka. Tunagawa."

"Nikimaliza wimbo."

Wimbo ulikwisha. Kabla kinanda hakijapumua nilianza mwingine, na kina mama wakaudaka. Baiskeli ilitoka kwenye mkeka. Nikaanza mwingine. Koti likatoka, redio ikatoka, viatu vikatoka. Ncha za vidole ziliwaka moto, nami nikaziacha ziwake. Ningeulizwa kwa maneno ningenyamaza, nao wangesema nimekubali.

"Baba mkubwa, mwambie alete!" binamu akalalamika.

Baba mkubwa alitazama mkeka, akanitazama, akamtazama nyanya aliyekuwa anacheza, fimbo yake ikiwa hewani.

"Mimi nagawa kilicho kwenye mkeka," akasema. "Wewe unaona gitaa hapo?"

Jembe lilipochukuliwa, mkeka ukakunjwa. Binamu hakuondoka, nami sikuacha kupiga. Alisogea mpaka spika ikawa inampulizia suruali, akanyoosha mikono yote miwili, akasubiri.

"Utachoka," alisema.

Safari hii niliinua uso, nikamtazama, na watu wote walikuwa wananiangalia.

"Nikichoka nitalala nalo."