Amplifaya ya Kijiji na Shemeji Yangu

Ijumaa, mwezi wa Juni, mwaka wa tatu tangu tuhamie kijiji cha ujamaa, si mbali na Mitole. Asubuhi ilikuwa na ukungu, halafu jua likawaka sana.

Siku hiyo fundi kutoka Lindi alikuja kufungua amplifaya ya kijiji, mashine ya kukuza sauti mikutanoni. Ilikuwa ya transista, ikitumia betri ya gari, na mtunzaji wake alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Ilipoletwa ilitoa sauti nene, ya kushiba. Sasa ilikoroma na kuvuma, hata mkutanoni mama mmoja akapaza sauti, "Ndugu Mwenyekiti, maneno yako yameuzwa, tumebakiziwa mafua!" Watu wakacheka huku wakimtazama shemeji.

Nilikuwa mjumbe wa kamati, na mimi pia nilidhani ameuza vifaa vya ndani akatia vibovu. Ushahidi sikuwa nao, ila alikuwa amenunua redio mpya. Haki niseme pia kwamba mwaka huo alivuna ufuta mwingi. Ingethibitika, angeondolewa mbele ya kijiji kizima, na mdogo wangu angebeba aibu isiyo yake.

Fundi alituonyesha wanakamati skrubu kwanza. Rangi ya kiwandani iliyoziba vichwa vyake haikuwa imepasuka, ishara kwamba haijawahi kufunguliwa. Alipoinua kifuniko, masizi yakamwagika mezani.

"Hii mnaongelea au mnapikia?"

"Naiweka uchagani, juu ya moto," shemeji akasema, "pamoja na mbegu za mahindi. Unyevu hauifikii, wadudu hawapandi."

Kila nyumba kwetu iliweka mbegu hivyo. Hata mimi ningeiweka pale pale.

"Mbegu itapona. Lakini hizi kapasita zina majimaji ndani, joto limeyakausha. Zimezeeka kabla ya siku zake. Transista ni zile zile za kiwandani," fundi akasema.

Nikauliza kama rangi ya skrubu haiwezi kupakwa upya. Fundi akanipa bisibisi, akanionyesha skrubu moja ya chini ambayo hakuwa ameigusa. "Kwangua mwenyewe, ndugu mjumbe."

Nikakwangua. Chini yake hapakuwa na mkwaruzo. Hata hivyo nikamtazama na fundi pia, nikishuku huenda yeye na shemeji wanajuana. Pengine mimi ndiye mwenye kasoro, sijui.

Kamati ikamwachia shemeji kazi yake, ila amplifaya isilale tena jikoni.

Jioni nilikwenda kwao, nilikokuwa nimeacha kula tangu maneno yaanze. Mdogo wangu akaweka sinia, akaniona nasitasita.

"Kula, kaka. Au nikuletee bisibisi ufungue chungu kwanza?"

Shemeji akacheka, nami nikanawa mikono. Tulikula ugali wa muhogo na mbaazi za nazi.