Mkwe Anayefundisha Kikaburu

Binti yangu Mathilde alipotuambia kwamba mchumba wake anafundisha chuo kikuu, nilifurahi mpaka nikaongeza nyama kwenye sufuria. Halafu kaka yangu Banza akauliza, anafundisha nini?

Mathilde akaangalia sahani yake, akamjibu mjomba wake. "Kiafrikana, tonton. Luga ya ba-Boers ya Afrique du Sud."

Banza akaweka uma chini. Aliondoka Lubumbashi angali kijana, akafanya kazi miaka mingi kwenye shamba la zabibu karibu na Cape Town kabla ya kutufuata hapa Brussels. Lugha hiyo aliisikia kila siku mdomoni mwa bwana shamba, matusi juu ya matusi.

"Mahari ya iyo kazi, mi sipokei," alisema.

Baba yake Mathilde alishafariki, kwa hiyo mjomba ndiye anayekaa kwenye kiti siku ya mahari. Asipokaa, hakuna ndoa. Mtoto wangu alilia mpaka sura ikamvimba.

Bon, mimi si mtu wa kulala na swali tumboni. Nilitaka kujua: nani huku Ulaya anaamka asubuhi, ananawa uso, anakwenda kujifunza Kikaburu? Na kijana wa kwetu, mweusi kama mimi, ameingiaje humo? Nikampigia simu Polycarpe, mchumba mwenyewe, nikamwambia nakuja kumwona kazini. Akajibu: "Karibu, maman."

Nilikaa nyuma ya darasa na kitenge changu cha Jumapili, kibegi mapajani. Wanafunzi walikuwa wachache: msichana Mflamandi, mzee mstaafu, na kijana Mpolandi aliyeniambia kwamba hata kwao lugha hiyo inafundishwa. Polandi! Wana kazi gani nayo? Akacheka, akasema alianza kwa udadisi tu, sasa hawezi kuiacha.

Nilingoja sauti za Makaburu. Polycarpe akawasha mashine ya kunasa sauti, nikasikia bibi mmoja anapika samaki, anawaita watoto mezani: kom eet, kom eet. Halafu akaeleza kwamba watumwa na wapishi wa Cape walichangia kuikuza lugha hiyo, na kwamba Waislamu wa kule waliwahi kuiandika kwa herufi za Kiarabu. Macho hayana pazia, lakini siku hiyo ni masikio yangu yaliyofunguka.

Darasa lilipokwisha, sikumzunguka. "Polycarpe, unatafuta nini mu luga ya batu benye kututukana?"

"Maman, papa yako alikuwa anatumika wapi?"

"Ku mine ya shaba."

"Na muzungu wa kule, alikuwa anamutukana na luga gani?"

Kwa Kiswahili. Kiswahili hiki hiki ninachowabembelezea watoto. Nilikasirika, maana alisema kweli.

Jioni nikaenda kwa Banza, mtaa wa Forest. Nikamweleza yote, yeye macho kwenye televisheni kama sipo. Mwishowe akauliza, "Ule bibi wa mu mashine, anasema nini?"

"Maneno mawili tu nimeshika. Kom eet."

Akazima televisheni.

"Kulikuwa maman mumoja pale ku shamba," alisema. "Mupishi. Patron akisha kunitukana, yeye ananiita ku dirisha ya cuisine na sahani. Kom eet, my kind. Kuja ukule, mutoto yangu. Kila siku, dada Antoinette."

Miaka yote hiyo hakuwahi kututajia mama huyo. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta. Nilimshika mkono, nikaona uchungu kwamba alimficha mtu mwema pamoja na wabaya wake.

"Ambia ule kijana akuje siku ya dimanche na ba famille yake," akasema. "Nitakaa ku kiti. Na iyo mashine, alete."